Kanda ya Bibi

Juzi nimeshuka basi Kasulu, miguu ikanipeleka yenyewe nyuma ya soko, kwenye duka la kanda. Cheka tu. Nani siku hizi anatafuta duka la kanda? Lakini nilikuwa na shida yangu, na nimeibeba tangu nina miaka tisa.

Duka lilikuwa chumba kimoja, kanda zimepangwa hadi darini, spika imetolewa kibarazani. Rumba ikipigwa, hata wauza samaki wa migebuka walitingisha mabega. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kiislamu mwenye asili ya pwani, kofia haimtoki, na chumba kizima kilinukia udi. Mbali na kuuza muziki, alirekodi salamu. Bibi yangu, mama yake mama, alikaa Titye na hakujua kuandika. Sisi tulikuwa Kibondo, baba akifundisha huko. Basi kila baada ya mavuno bibi alikwenda kwa yule mzee akasema yake mbele ya redio ya kurekodia, na kanda ikapakiwa kwenye basi pamoja na kikapu cha maharage. Kanda ilikuwa ileile moja, ikienda na kurudi.

Weee, bibi yule! Alikuwa anaiamkia redio. "Mwakeye!" anapiga makofi kwa adabu ya Kiha, kisha ananyamaza, anasubiri aitikiwe. Anamwamkia baba, kimya. Mama, kimya. Mimi, kimya. Wengine wangekata kile kimya, ila mwenye duka alikataa. "Simkati mama wa watu," alisema. Nasi nyumbani, uji mkononi, tuliitikia kila mtu kwa zamu yake, na bibi akaendelea kana kwamba ametusikia.

Bibi alipofariki, baba alivunja vile vimeno viwili vya juu ya kanda ili isirekodiwe tena. Mimi nami, mjinga wa mwisho, nilijua dawa ya vimeno: unasokota karatasi, unaziba. Siku moja wimbo niliousubiri wiki nzima ukapigwa redioni, na kanda nyingine sikuwa nayo. Nikarekodi. Jioni mama akaiweka amsikilize mama yake. Hakunipiga. Heri angenipiga.

Kilichonipa moyo ni kwamba mwenye duka alibaki na nakala ya kila salamu, pale juu karibu na dari. Lakini baba alikuwa ameshapata uhamisho wa mbali, tukasema tutarudi. Tutarudi, tutarudi, hadi na mama naye akazikwa bila kuisikia.

Sasa pale wanauza makava ya simu. Binti wa yule mzee, mtu mzima kama mimi, alinipa kiti, akaniambia baba yake alishatangulia.

"Na zile kanda?" nikauliza.

"Aa, dada yangu, tuliwapa wakulima wa Titye. Ule utepe wake wanautandaza shambani, unafukuza ndege."

Nilichukua bodaboda hadi Titye. Nikaukuta mtama umesimama, na juu yake tepe nyeusi zimefungwa kutoka mti hadi mti, jua limezichubua, upepo ukipita zinavuma. Nilisimama pembeni kama mwehu, nimetega sikio, nikitafuta sauti ya mtu. Hakuna. Upepo ukatulia, pakawa kimya, kimya kama kile cha bibi akisubiri zamu yangu.

Nikapiga makofi, nikaitikia kwa nguvu. Nilifukuza ndege tu.