Maharage Ndani ya Kumi na Nane

Uwanja wetu wa mpira kule Kibosho umeinama. Timu inayoshambulia kuelekea mtoni hutiririka yenyewe, na ile inayopanda huanza kuulizia mapumziko mapema. Hata hivyo tuliupenda. Jumapili baada ya misa watu walipitia uwanjani wakiwa bado na nguo za kanisani, na huko ndiko habari zote za kijiji zilikosikika.

Kisha vijana wakahamia mijini. Majani yakafika kiunoni, milingoti ya magoli ikaishia jikoni kwa mtu, na uwanja ukawa mahali pa kukatia majani ya ng'ombe.

Desemba moja, ndugu zetu waliotoka Dar kuja kula Krismasi walikaa kwangu wakinywa mbege na kulalamika kwamba kijiji kimepooza. Binamu yangu anayefanya kazi benki akasema tujitolee kuufufua uwanja, ili baada ya sikukuu waliooa wacheze na makapera kama zamani. Mbege ilikuwa nzuri, kwa hiyo wote tukakubali.

Asubuhi nilidhani nitajikuta peke yangu. Kumbe walikuja wengi, ila karibu wote walikuja kusimamia. Mafyekeo yalikuwa machache, washauri kila kona. Binamu, akiwa na raba nyeupe na miwani ya jua, alichukua fyekeo langu akaanzia upande wa mtoni, kwa kasi ya mtu anayejua anatazamwa. Nilipomfikia alikuwa ameshafika mbali.

"Acha kwanza," nikamwambia. "Hayo ni maharage."

"Maharage gani? Hapa si golini?"

"Ni golini. Na ni maharage ya mama mkubwa."

Mama mkubwa ni mjane wa kaka yake baba. Alikuwa amepanda ndani ya kumi na nane, kwa mistari iliyonyooka kuliko chokaa yoyote tuliyowahi kuchora pale. Hakuna aliyemzuia. Eneo halikuwa na kazi, halafu mwenyewe tunamjua.

Kwetu ukimkosea mtu, unamwendea na jani la sale, na akishaliona hawezi kukunyima msamaha. Tukachuma sale kwenye mpaka wa kihamba, shamba la migomba la ukoo, tukamtanguliza binamu. Tulimkuta mama mkubwa uani akimenya ndizi za mtori.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba. Hilo sale la nini?"

Binamu akatazama raba zake. "Nimefyeka maharage yako, mama. Nilidhani ni majani tu."

"Huko Dar mnakula nini?"

"Tunakula hata maharage, mama."

"Lakini hamjawahi kukutana nayo yakiwa hai."

Alitusamehe, maana sale ni sale. Kisha akasema kwamba sale halikuzungumzia palizi. Maharage yaliyobaki yangekaa palepale mpaka yakomae, na mpira ukiingia humo, atakayeufuata atang'oa magugu kwanza ndipo apewe.

Basi tukasogeza goli mbele, tukasimamisha milingoti ya mkaratusi, na uwanja ukawa mfupi upande mmoja. Siku ya mechi mama mkubwa alikuja na kigoda chake, akaketi kati ya goli na maharage, jembe magotini. Waliooa walikuwa wanashambulia upande huo. Shuti la kwanza lilikuwa la binamu. Lilipaa juu ya goli likatua katikati ya mistari.

"Naomba mpira, mama."

"Mpira upo. Anzia mstari ule."

Refa akasimamisha saa. Binamu akainama akapalilia, na watu wakamshangilia kuliko walivyoshangilia lolote tangu mechi ianze. Baada yake akaingia mwingine, na mwingine. Kipindi cha pili makapera nao wakageukia huko, wakapewa mistari iliyobaki. Ilifika wakati hakuna aliyethubutu kupiga juu. Watu wazima wenye vitambi walipigiana pasi fupifupi za chini, kwa adabu ambayo hakuna kocha aliyewahi kuwafundisha.

Makapera walishinda. Maharage yalikuwa safi hadi mstari wa mwisho, na binamu akaondoka kurudi Dar na mgongo unaomuuma, akijisifu njia nzima.

Mavuno yalipofika, sisi tuliobaki tulimbebea mama mkubwa magunia hadi kwake. Msimu uliofuata hakupanda pale, ingawa hakuna aliyemkataza. Nilimuuliza sababu.

"Nikipanda nitakuwa naangalia maharage," akasema. "Mpira nitauangalia saa ngapi?"

Siku hizi vijana wanacheza kila Jumapili, na majani yanafyekwa kwa zamu. Shida iliyobaki ni ya refa, kwa sababu mama mkubwa haafiki habari ya kuotea. Kila filimbi ikipigwa anasimama na kumuuliza, mbele ya watu wote, kijana wa watu amekosa nini kwa kuwahi kufika.