Miguu ya Mwalimu Anastazi

Siku yangu ya kwanza kazini, shefu, mkuu wa karakana ya viatu, aliweka mezani viatu viwili vyeusi vya kuvalia suti, akaniambia nichague kilicho bora. Nilichagua kilichong'aa zaidi. Akakikunja mbele yangu, na mahali vidole vya mguu hukaa pakatokea nyufa nyeupe.

"We binti, yenye inangaa ni rangi, haiko ngozi," alisema. "Ngozi muzuri ukiikunja inafanya mikunjo kidogo-kidogo, ukiachilia inarudia. Usiangalie na macho tu. Ingiza mukono."

Karakana ilikuwa hapa Gisenyi, karibu na njia ya mpakani. Wateja wetu walikuwa makarani, walimu na mabwana harusi wa pande zote mbili za mpaka. Nilijifunza kwamba soli iliyoshonwa kwenye ukanda wa ngozi hudumu na inaweza kubadilishwa, lakini ile ya gundi huachia mvua zikianza. Nilijifunza kupapasa bitana, yaani ngozi ya ndani, kutafuta mshono uliovimba.

Baadaye nilihamishiwa mbele, dukani, chini ya mama msimamizi. Yeye alipenda kazi iende haraka. "Muulize muteja: inakuumiza? Akisema hapana, bon, funga katoni."

Ndivyo nilivyomuuzia viatu Mwalimu Anastazi wa kule Nyundo. Alikuwa amefundisha Tanzania miaka mingi kabla ya kurudi, na Kiswahili chake kilinitia aibu. Binti yake alikuwa anaolewa. Alivaa viatu, akatembea hadi mlangoni na kurudi.

"Havikuumizi, Mwalimu?"

"Hata kidogo. Sisikii chochote."

Nilifurahi. Sikuingiza mkono. Nilifunga katoni.

Wiki mbili baada ya harusi mkewe alikuja na viatu vile ndani ya kitenge. Kwenye bitana ya kiatu cha kulia palikuwa na doa la damu iliyokauka.

"Mwalimu iko hospitali," alisema. "Ana sukari. Miguu yake haisikii tena, na sisi hatukujua. Wanasema leo watakata kidole."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Nilikipeleka kiatu nyuma kwa shefu, nikitumaini atasema kosa ni la ugonjwa. Alivua miwani, akaingiza vidole. Kulikuwa na fundo la uzi pale, dogo kama punje ya mtama.

"Hii ni mimi nilishona," alisema. "Na we uliamini mudomo yake, hukuuliza mguu. Vaa koti, twende."

Tulipofika jioni tulimkuta kitandani, mguu umefungwa bendeji, kidole kidogo kimeshaondolewa. Nilipiga magoti kando ya kitanda. Shefu ndiye aliyesema yote, bila kuficha fundo. Mwalimu alijiinua kidogo kitandani.

"Nilisimama kanisani kwa saa tatu nikijisifu kwamba nimepata viatu vizuri," alisema. "Mimi mwenyewe sikujua miguu yangu imenyamaza. Ninyi mngejuaje?" Kisha akanigeukia. "Lakini sasa unajua, binti yangu. Usimfiche mtu hali ya miguu yake."

Kidonda kilipopona tulimshonea vingine. Nilichora nyayo zake kwenye karatasi akiwa amesimama, alasiri, wakati miguu imeshavimba kidogo kwa kazi ya siku. Shefu alipanua mbele, akaondoa kila mshono mahali vidole vinapokaa. Kabla ya kumpa nilivipapasa ndani mara tatu.

Tangu siku hiyo sikufunga katoni kabla ya mteja kuvaa, kutembea, kuvua kiatu na soksi, nami kutazama ngozi yake: alama za kubanwa husema ukweli ambao mdomo haujui. Mama msimamizi alinung'unika kwamba ninachelewesha foleni. Baada ya muda alianza kuniletea wateja wazee yeye mwenyewe.

Nimeacha kazi ya duka sasa. Vijana mnaouza viatu mnaniuliza ngozi ipi nzuri, na ninawajibu kwa furaha. Lakini kiatu hakijawa kizuri mpaka kitoke mguuni mwa mtu bila kuacha alama.

Mwalimu bado huja nyumbani kwangu kutoka Nyundo, siku za jua. Macho yake yamefifia, hawezi kukagua nyayo zake. Anakaa kwenye kiti, anavua, nami ninashika mguu mmoja, kisha wa pili, ninapitisha kidole gumba kila mahali.

"Haya, niambie," husema.

"Leo ni salama, Mwalimu."

Ndipo huniruhusu nimletee chai.