Rafiki Nisiyemjua Baba Yake

Daktari aliniambia nitembee. Sukari ilikuwa imepanda, na mimi, mwanamke wa ofisi niliyepita arobaini, safari yangu ndefu kwa miguu ilikuwa kutoka mlangoni hadi kwenye bajaji. Nilimpigia mama simu kijijini Kotile nikamweleza kwamba siku hizi nikishaswali alfajiri navaa raba chini ya abaya, natembea hadi karibu na uwanja wa ndege, kisha narudi. Akauliza ni mnyama gani aliyepotea. Kwao mtu hatoki alfajiri na kutembea mbali isipokuwa anafuata ng'ombe aliyepotea, akimtajia kila anayekutana naye chapa ya ukoo iliyochomwa kwenye ngozi ya mnyama. Nilicheka, nikamwambia hakuna mnyama, ni afya tu. Hakuelewa, na sikumlaumu.

Ukweli ni kwamba sukari ilikuwa kisingizio. Nilikuwa mpweke. Nilikuwa nimeachika, nimerudi Garissa baada ya miaka mingi ya Nairobi, na wale niliosoma nao walikuwa na nyumba zimejaa watoto na maduka yamejaa wateja. Utotoni rafiki hatafutwi. Mnaokota kuni pamoja, basi. Ukiwa mtu mzima hakuna mahali unapoweza kwenda ukasema, jamani, nahitaji mtu wa kuongea naye. Watadhani umerukwa na akili. Niliposikia kuna kikundi cha akina mama wanaotembea alfajiri, nikajipeleka.

Siku ya kwanza, hata hatujafika kwenye lami, nikaulizwa, "Ina ayo?" Yaani, wewe binti wa nani. Ndivyo tulivyo. Unataja baba, babu, baba wa babu, mpaka mwenzako akuweke mahali pako, na akishakuweka anajua akupende kiasi gani. Nilitaja. Wengine walinisogelea, wengine wakabaki na adabu tu. Tulitembea hivyo miezi kadhaa, tukisengenya waume na kulalamikia magoti. Kisha kura ikakaribia, wazee wakakaa kugawana viti, huu ukoo gavana, ule seneta, na kikundi kikakatika vipande. Wanawake waliokuwa wakikandana vifundo vya miguu walianza kuvuka barabara wakionana. Asubuhi moja nilifika kwenye tangi la maji tulipozoea kukutana, nikamkuta mtu mmoja tu.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na raba zake zilikuwa za kiume. Siku zote alikuwa akitembea nyuma yetu, hasemi mengi. Nilikuwa na hasira na dunia nzima, na sikumpa hata nafasi ya kusalimu.

"Abaayo," nikamwambia, kama tunavyoitana dada kwa dada, "mimi sikuulizi wewe ni wa nani, na wewe usiniulize. Kama unaweza kutembea hivyo, twende."

Alinitazama, akacheka kwa puani. "Twende," akasema.

Basi tukaenda, kila asubuhi. Alikuwa na mwendo wa mtu anayekimbizwa, nami nikimfuata nahema, na nikisimama aliniuliza kama nasubiri kubebwa. Aliwatukana makorongo waliosimama kwenye majalala, akidai wanamkumbusha maimamu fulani, kisha akaomba msamaha kwa Mungu. Tukirudi tulikunywa chai kwa mama mmoja kando ya barabara, na bakuli la sukari alilisogeza mbali, mkono wangu usilifikie. Nilimweleza mambo ya ndoa yangu ambayo mama yangu mwenyewe hayajui. Yeye aliniambia anavyoogopa kuzeeka bila mtoto. Mambo ya kwao hakuyagusa, nami sikuchokonoa. Kwenye simu yangu nilimwandika Abaayo wa Matembezi, na kwake nilikuwa hivyo hivyo. Alinionyesha. Tulijiona tumeishinda Garissa nzima, na nilimpenda kuliko dada zangu wa damu.

Kisha akakosa kuja. Siku iliyofuata akakosa tena. Nikapiga simu, yule mwanamke wa mashine akaniambia mteja hapatikani, na ameendelea kuniambia hivyo hadi leo. Nilikwenda mtaa wa Waberi, kwenye lile geti ambapo tulikuwa tukiagana. Ndani mlikuwa na vyumba vya kupanga. Jirani yake, muuza mboga kutoka Kitui, alikuwa akichambua sukuma.

"Huyo alienda kambi, Dagahaley," akasema. "Alipigiwa simu mamake amezidiwa. Alisema atakupigia akifika."

Sikujua kama alikuwa mtu wa kambi ya wakimbizi. Nilimuuliza yule jirani kama anajua ni wa ukoo gani, binti wa nani. Alinishangaa. Hayo ni yenu, akasema, mimi nitajulia wapi?

Nilichukua ruhusa kazini nikaenda Dagahaley, nikionyesha kitambulisho kwenye kila kizuizi. Niliuliza madukani. Niliuliza zahanati, nikauliza wanawake waliokaa juu ya magunia yao wakisubiri mgao. Jina lake la kwanza nilikuwa nalo, lakini ni jina la nusu ya wanawake wa huku. Hakuna aliyenifukuza. Walinipa maji, walinipisha kivulini, wakawaita na wenzao waje wanisikilize, kisha wote wakaniuliza swali lile lile. Ina ayo? Kwetu, ukijua baba na babu wa mtu, hata awe wapi, jioni utakuwa umeketi mlangoni kwake. Mimi nilisema ni mrefu, anavaa raba za kiume, anacheka kwa puani. Walitazamana kwa huruma. Jua lilipoinama nikapanda gari kurudi, nikalia njia nzima bila kujificha.

Siku hizi natembea peke yangu. Sukari imeshuka, na daktari anafurahi kuliko mimi. Nachukia barabara ile, nalichukia lile tangi, lakini nikibaki kitandani asubuhi najiona kama nimemwacha huko akinisubiri.

Wiki iliyopita mama alinipigia nikiwa njiani. Akasikia ninavyohema. Akaniuliza kwa nini bado nazurura alfajiri wakati nilimwambia hakuna mnyama aliyepotea.

"Yupo, mama," nikamwambia.

Hakucheka. Aliuliza, kwa sauti ya kazi anayoijua, kama ni wetu au wa watu, na alionekana wapi mara ya mwisho. Nikamwambia upande wa Dagahaley. Akasema ni mbali lakini si kitu, wachungaji wanapita kote, nimtajie tu chapa yake awaambie waangalie.

Nilisimama barabarani na simu sikioni. Mama akadhani mtandao umekatika, akawa ananiita.