Maji ya Chemchemi Yetu Chini ya Hadubini

Siku ya kwanza kazini mkuu wa maabara alinipa sinia la mirija ya kioo niioshe. Nilipomaliza nikamwambia ni safi. "Usiniambie ni safi," alisema. "Niambie umeioshaje." Nilikuwa nimetoka kiwanda cha chai, kilipobinafsishwa na wengi wetu tukapunguzwa, na elimu yangu ni ya darasa la saba. Chuo kikuu kilikuwa kimefungua tawi hapa Tukuyu, nikapata nafasi ya mhudumu wa maabara. Neno lile la mkuu nilifanya nalo kazi mpaka nikastaafu.

Kazi yenyewe ilikuwa kuosha vyombo, kuvichemsha kwa mvuke, kufuta lenzi za hadubini na kupika ute mzito ambao vijidudu huoteshwa juu yake, kama mbegu kitaluni.

Mkuu wa pili alikuwa mwalimu wa baiolojia, mwanamke, tuliyemwita Daktari ingawa hakutibu watu. Ndiye aliyeanzisha jioni ya sayansi kwa wananchi. Tangazo lilisomwa makanisani: kila mtu aje na maji anayokunywa nyumbani, ayatazame kwa hadubini.

Mwaka ule binti yetu Atupele alikuwa amefariki kwa kuhara na homa, kabla hatujamfikisha hospitali. Uji wake wa mwisho alikunywa kwa jirani yetu, Mama Subi. Mke wangu aliamini uji ule ulikuwa na kitu. Ukoo ukaamua Mama Subi ahame kijiji chetu cha Nkunga kabla ya Pasaka.

Jioni ile ukumbi ulijaa watu wa Ibighi na Bagamoyo, mitaa ya hapa Tukuyu, na wa kwetu Nkunga, wamevaa nguo za kanisani. Daktari alitazama chupa baada ya chupa asione kiumbe. Watu walikuwa wameleta maji ya mvua, mengine wameyachuja kwa kitambaa, mengine wameyachemsha. Alipomuuliza mzee mmoja sababu, yule mzee akamshangaa.

"Sasa mwalimu, nije kwenu mara ya kwanza na maji wanayokunywa ng'ombe?"

Watu wakacheka, Daktari naye.

Ndipo akaingia Mama Subi na kidumu. Watu wa kwetu wakampisha, si kwa heshima.

"Haya ndiyo tunayokunywa, mimi na Baba Atu huyu," alisema akinionyesha mimi. "Sikuyachuja."

Nikadondosha tone juu ya kioo, nikalifunika, nikasogeza lenzi. Vitu vilikuwa vinatembea mle. Mama Subi akatazama kwa muda mrefu.

"Hawa ndio waliomla Atupele?"

"Sijui, mama," Daktari akajibu. "Wengi wa hawa hawana neno. Wabaya ni wadogo zaidi, hawatambuliki mpaka tuwaoteshe."

Tukawaotesha. Majibu yakaonyesha kuwa chemchemi ilikuwa imeingiwa na kinyesi. Nikamuuliza Daktari kama hicho ndicho kilichomuua mwanangu.

"Maji haya yanaweza kuua mtoto," alisema. "Kama yalimuua wako, siwezi kusema. Yeye sikumpima."

Kaka yangu alimhurumia Mama Subi. Akanishauri niuambie ukoo kwamba Daktari amethibitisha ni maji yaliyomuua Atupele, maana nani angekwenda kumuuliza? Mambo yangekwisha siku hiyo hiyo. Lakini kwenye kikao nilieleza tulichofanya, tulichokuta, na tusichokijua. Wazee wakanung'unika kwamba nimewaletea nusu ya habari.

Mke wangu akauliza, "Kwa hiyo kilichomuua hakijulikani?"

"Hakijulikani. Kinachojulikana ni kwamba maji ni machafu."

Akawageukia wazee. "Basi mtu asihamishwe kwa jambo lisilojulikana."

Tulipofika nyumbani akabandika sufuria ya maji jikoni. Mama Subi hakuhama.

Nilifanya kazi chini ya wakuu watatu, na jioni zile ziliendelea mpaka Daktari alipohamishwa. Vijana huniuliza kama sayansi ilinipa jibu. Kuhusu Atupele haikunipa, na siwezi kusema ilinipa.

Mwaka jana nilimzika mke wangu. Mama Subi, mzee sasa, ndiye jirani wa kwanza kufika msibani, na ndoo ya maji iliyofunikwa. Akanichotea kikombe.

"Ndaga, pole, Baba Atu," alisema. "Nimeyaacha yatokote mpaka nikamaliza kumenya ndizi zote."

Nikanywa.