Skrini ya Kisogo

Enzi zetu pale Bondeni, mchezo wa kompyuta ulianza kwa kupangusa vumbi kwenye skrini kwa kiganja. Mwaka wa 2007 tulikuwa tumemaliza shule ya upili, hatuna kazi, na kwa mama zetu tungali watoto. "Hiyo TV itawakausha macho," mama alizoea kusema, huku akinifungia mandazi kwenye gazeti niende nayo.

Tulikokwenda ni kwa Mama Manjit, mama wa Kisikh aliyeuza vitambaa mbele ya duka, na nyuma akaweka kompyuta zilizounganishwa kwa nyaya tushindane mbio za magari. Chumba kilinukia udi, nguo mpya na chipsi za jirani. Skrini zote zilikuwa bapa, mpya, isipokuwa moja nene ya zamani tuliyoiita Kisogo. Aliyechelewa ndiye aliyekalishwa hapo, kama adhabu.

Chebet, msichana jirani yetu, alifika mapema kila siku akaichagua mwenyewe. Na kila mara alitushinda.

Otieno ndiye aliyechoka kwanza. "Mathe, huyu dem ameroga hiyo mashine. Aende, ama sisi tuende!"

Mama Manjit aliweka mkasi chini. "Wewe iko kelele mingi. Lakini kama nyinyi yote nakwenda, mimi nafunga hii chumba."

Chebet aliacha kucheza. Kwao hapakuwa na hata redio. Kiti kile kilikuwa furaha yake yote, nasi tulikuwa tunakivuta chini yake. Kisha akanigeukia.

"Boss, hebu kaa kwangu. Mimi nikae kwako."

Nikakaa. Barabara ilitiririka kama maji kwenye mfereji. Nilikata kona ambazo siku zote zilinitupa mtaroni, na kwa mara ya kwanza nikafika mbele yake.

"Sasa nani mchawi?" akauliza.

Akatueleza, kidole kwenye kioo. Mwanzoni Kisogo kilipepesa hadi kikamuumiza kichwa, akapekua mipangilio akitafuta dawa. Akakuta kioo kimewekwa kujichora upya mara sitini kwa sekunde. Akakipandisha hadi themanini na tano, kupepesa kukaisha. Zile bapa zetu hazikuweza kupita sitini. Lakini kioo peke yake hakitoshi, akasema. Kompyuta nayo huchora picha zake, na ikizidiwa, kioo hurudia tu ile picha ya mwisho, ndipo gari linaruka badala ya kwenda. Kwa hiyo alizima mvua, vivuli na mng'aro wa rangi, mashine ipate nguvu ya kuchora picha nyingi. Sisi tulikuwa tumewasha kila pambo. Tulitaka magari yetu yang'ae kama ya harusi.

"Yaani tumekuwa tukipiga polishi mkokoteni!" Otieno akasema. Tulicheka hadi wateja wa vitambaa wakachungulia. Tangu siku hiyo hakuna aliyezungumza tena juu ya Chebet kuondoka.

Mapema 2008 mji ulichafuka kwa ghasia baada ya uchaguzi. Barabara zilipofunguka, wazazi wa Chebet walipakia vitu kwenye lori, kama walivyopakia wengi wa kila kabila, wakaenda. Hatukuagana. Mama Manjit alipofungua tena, kila mtu alikimbilia skrini yake, Kisogo kikabaki bila mtu. Otieno, yuleyule aliyetaka Chebet afukuzwe, alitoa leso akakipangusa vumbi. Akafanya hivyo kila asubuhi, wala hakukalia kile kiti.

Miaka mingi imenipita nikihama: Gilgil, Molo, Naivasha, mji haunishiki. Juzi nililala kwa dada yangu. Mpwa wangu ana skrini ya mara mia na arobaini na nne kwa sekunde, kiti kama cha rubani, taa za rangi hadi kwenye kipanya, na bado ananung'unika, "Anko, inakwama!" Nikamwambia azime mapambo. Akaniangalia kama mtu aliyeshauriwa kufua kwa jiwe. Alipoyazima, gari likatiririka.

"Nani alikufunza?"

Sijamwona Chebet tangu waondoke na lile lori. Kioo kisipoletewa picha mpya hurudia ya mwisho. Yangu ni ile ya Chebet kwenye kiti changu, ameshindwa mbio na bado anacheka, uso umegeukia Kisogo.