Baba Yake Sista

Jikoni mwa zahanati ya misheni, nje kidogo ya Kitengela, palikuwa na harufu ya maziwa ya kondoo yakigandishwa kuwa jibini. Harufu hiyo ilinata kwenye sare yangu ya shule hadi nyumbani. Ilikuwa miaka ya tisini, wakati wa kiangazi kirefu. Mama, mzaliwa wa Bungoma, alikuwa muuguzi pale, nami nilimsubiri kila jioni kwenye benchi la jikoni. Aliyetengeneza jibini ni Sista Grazia, mtawa Mzungu aliyekuwa mkuu wa zahanati, na maziwa aliletewa na Mama Naserian, ambaye boma lake lilikuwa ng'ambo ya ua. Mama alinikataza kucheza na binti yake, Naserian. Alisema watu wa boma lile wananuka kondoo, tena wanaiba mifugo ya wenzao.

Jioni moja, Mama Naserian alipoleta maziwa, Sista alituonyesha sote picha ya baba yake. Nilitarajia kumwona mzee wa tai na gari. Kumbe alikuwa amevaa ngozi ya kondoo, fimbo mabegani, kundi likiwa nyuma yake kwenye kilima cha mawe kisicho na mti. Sista alisema hapo ni kwao Sardinia, kisiwa cha Italia kwenye Bahari ya Mediterania. Mama Naserian aliishika ile picha, akaitazama kwa muda mrefu.

"Huyu ni wa ukoo gani?" akauliza.

Sista alicheka. Alitueleza kwamba alipoenda kusomea utawa kaskazini mwa Italia, wenzake walikuwa wakiziba pua akipita, wakisema watu wa kwao wananuka kondoo na ni wezi wa mifugo. Mama akaendelea kukunja bendeji ambazo tayari zilikuwa zimekunjwa.

Wakati wa chakula nilimuuliza Mama kama kuna Wazungu ambao Wazungu wenzao huwaona washamba.

"Kula ugali," alisema.

Kesho yake nilivuka ua kwenda kwa Naserian. Mama aliniona kupitia dirishani, asiniite. Sikujua kama ameniruhusu au amechoka tu, na hadi leo sijui.

Juzi nimeona tangazo la utalii la kisiwa kile: maji ya buluu, mashua nyeupe, watu waliolala mchangani wakiota jua. Hakuna kondoo hata mmoja. Nimeshindwa kuamua niamini tangazo hilo au picha ya baba yake Sista. Nikamwonyesha Naserian, ambaye sasa ni mhasibu hapa mjini Kitengela.

"Na kondoo wao walienda wapi?" aliuliza.

Nje ya dirisha la ofisi yake, kule mifugo ya kwao ilikokuwa ikilishwa, ghorofa za kupangisha zimesongamana, nguo zimeanikwa kila roshani. Tulizitazama sote wawili.