Sarafu Juu ya Barafu

Kuna watu ukiwaonea mara moja wakanyamaza, unadhani umepata mgongo wa kukalia maisha yako yote. Mwenyekiti wa Chama cha Wapenzi wa Hadithi za Kisayansi alidhani hivyo kuhusu Mama Barafu. Nitawaeleza ilivyokuwa, maana mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka.

Mama Barafu alikuwa mtunza chumba cha baridi kwenye bohari ya dawa, mwaka wa kumi na tisa sasa, na jina hilo alilipata hukohuko. Nje jua linapasua vichwa, yeye ndani kavaa kabuti, glavu za sufu na kofia ya kufunika masikio, kila saa anazunguka friza moja baada ya nyingine na kuandika joto lake kwenye fomu. Mchana alitoka kula na kabuti lake mwilini, jasho linamtiririka, na asiyependa atazame pembeni. Kila mgeni wa kazi alimpokea kwa maneno yaleyale: "Kipimajoto kinasema ya sasa. Ya jana hakiyajui, na wala hakikwambii kwamba hakiyajui."

Kazi yake ya pili haikuwa na mshahara wala shukrani. Ndiye aliyechapa Karatasi ya chama, ukurasa mmoja kila mwezi, habari mbele, matukio yajayo nyuma. Maktaba imetupa tena ukumbi, ila upande wa madirishani bado panavuja, tusikae huko. Jumamosi ya pili kuna filamu ya watu waliohamia mwezini, na wanaopenda kusimulia mwisho kabla haujafika wakae nyuma kabisa. Siku ya kubadilishana vitabu, ukileta kimoja kisicho na jalada usitake viwili. Watoto watarusha roketi za chupa za plastiki, wazazi waje na nguo za kubadilisha. Mambo kama hayo, miaka kumi na mmoja, na hakuwahi kugeuza hata herufi moja ya alicholetewa. "Kikiletwa kinachapwa," alisema. "Mimi si mhariri wa dhamiri za watu."

Sasa, chama hiki kina desturi yake, na bila kuijua hutaelewa ubaya wa mtu huyu. Kwenye Mkutano Mkuu husomwa hadithi ya mwaka. Mwandishi lazima aache ndani yake kitu kimoja asichokieleza, nao hukiita msumari. Hadithi ikiisha, watu wanapaza sauti, "Maswali!", kisha wanautafuta huo msumari na kumuuliza mwandishi. Akiueleza, hadithi inasimama. Akishindwa, wanasema ni nyumba isiyo na msumari, na hapo ndipo utakapowajua watu wazima wanavyoweza kuzomea.

Mama Barafu naye aliandika. Kati ya saa na saa, fomu ikishajazwa, alitoa daftari lenye jalada la buluu, akapuliza vidole, akaandika mistari mitano, mingine sita. Ilimchukua miaka mitatu. Ilikuwa habari ya meli ya angani inayobeba watu mia nne waliolazwa usingizi wa baridi, safari ya miaka mia mbili. Mlinzi mmoja huamka kila baada ya miaka kumi, anakagua makasha, anaandika, analala tena. Mezani pake ana kikombe cha maji yaliyoganda, na juu ya barafu pana sarafu. Kila akiamka huitazama hiyo sarafu kwanza, kabla ya kipimo chochote. Huo ndio uliokuwa msumari, na maana yake aliijua mwandishi peke yake.

Akafanya kosa ambalo mtu mwingine asingelifanya. Yeye aliyechapa kazi ya kila mtu, ya kwake aliona haya kuichapa, kana kwamba anajipigia debe. Hakubaki na nakala. Alichukua daftari lilelile akampelekea Mwenyekiti kwa mikono miwili, akamwomba amsomee, amwambie kama inafaa.

Miezi minne! Kila akiuliza anaambiwa, "Dada, bado changa. Tuiache iive." Akaamini. Akarudi kwenye friza zake akijilaumu kwamba labda mlinzi wake ana maneno machache mno.

Kisha ikaja orodha ya Karatasi ya mwezi wa mkutano, kwa mwandiko wa Mwenyekiti mwenyewe. Mama Barafu alikaa nayo mezani nyumbani, kompyuta yake kuukuu ikinguruma. Filamu, sawa. Roketi, sawa. Akafika kipengele cha nne: "Mkutano Mkuu. Hadithi ya mwaka itasomwa na mwandishi wake, Mwenyekiti: Kasha la Baridi. Ni habari ya meli yenye watu mia nne waliolala." Chini yake, kwa herufi ndogo kama za mtu anayenong'ona: "Mwaka huu hakutakuwa na Maswali, kwa sababu ya muda."

Alisoma mara tatu. Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, aliyekuwa akiishi naye, alikuwa anapiga pasi nyuma yake. Aliposikia kimya kimezidi akaja kuchungulia begani.

"Si ile ya kwako hii?"

"Ya kwangu."

"Ebo! Na wewe ndiye wa kumchapia?" Wifi akaiweka pasi chini. "Mwizi akuibie mbuzi halafu akuombe kisu!"

Kesho yake, saa ya chakula, Mama Barafu alikwenda ofisini kwa Mwenyekiti. Huyu alikuwa wakala wa bima, chumba kimoja juu ya duka la viatu, feni mbili na zote zinamwelekea yeye. Hakusimama.

"Karibu dada. Karatasi tayari?"

"Nimekuja kuchukua daftari langu."

"Daftari gani tena?"

"La buluu. Lenye hadithi unayosema ni yako."

Akacheka! Jamani, mtu huyu alicheka. "Aa, ile! Dada yangu, wewe ulileta wazo. Mawazo yamejaa tele duniani. Kazi ni kuyaandika. Mimi nimebadilisha jina la meli, mlinzi nimemfanya nahodha, nimeinyoosha huku na huku."

"Umebadilisha jina la meli."

"Na tuambiane ukweli, sisi ni ndugu. Siku ile watakuja wageni wa vyama vya miji mingine. Hadithi ikipita inaingia kwenye kitabu cha mwaka, na jina la mwandishi juu yake. Watamsikiliza nani, mimi au mtunza friji? Wewe unachapa vizuri sana, dada. Hapo hatuna wasiwasi na wewe."

Mtunza friji! Miaka kumi na tisa dawa za watoto wa mji mzima ziko mikononi mwake, naye anaitwa mtunza friji na mtu anayeuza hofu kwa awamu. Lakini Mama Barafu alijizuia, akauliza taratibu:

"Na msumari wa hadithi yako ni upi, Mwenyekiti?"

Mwenyekiti akasogeza mashine ya kubana karatasi kutoka kushoto kwenda kulia. "Mtu hatoboi msumari wake kabla ya siku."

"Na siku yenyewe umefuta Maswali."

"Muda, dada. Muda. Daftari liko nyumbani, nitalitafuta."

Alitoka pale amefura. Njiani alipanga mambo mia: amwage habari kwa kila mwanachama, agome kuchapa, afute kile kipengele aandike jina lake. Wifi alimwunga mkono kwa yote mia na kumwongezea mengine ambayo siwezi kuyasema hapa. Lakini alipokaa tena mbele ya kompyuta, akakumbuka kwamba neno lake ni moja. Akifuta leo kwa haki, kesho mwingine atamwomba afute kwa dhuluma. Na akisema, atasemaje? Nakala hana. Ni maneno yake dhidi ya maneno ya Mwenyekiti.

"Kikiletwa kinachapwa," akasema.

"Unachapa?" Wifi alitaka kulia. "Wewe mwanamke una damu kweli, au na yenyewe imeganda?"

Akachapa. Hakuongeza herufi, hakupunguza herufi. Ila ule mstari mdogo wa chini, ule wa Maswali, aliupa herufi kubwa, nene, akauzungushia kisanduku. Ukubwa wa herufi hakuna aliyemletea, na hapo alikuwa na ruhusa yake mwenyewe.

Loo! Karatasi ilipotoka chama kiliwaka moto. Hakuna Maswali? Tangu lini? Fundi Saa, mzee wa kutengeneza saa aliyekuwa mwanachama wa kwanza kabisa, alipita kwa wenzake mmoja mmoja na Karatasi mkononi, kidole kimebonyea kwenye kisanduku. Hakujua chochote kuhusu daftari. Yeye alikuwa anatetea desturi tu, na kwa desturi Fundi Saa anaweza kukosana na mamake mzazi.

Siku ilipofika ukumbi wa maktaba ulifurika mpaka upande unaovuja. Wageni walikaa mbele. Mama Barafu alikaa mstari wa tatu, wifi ubavuni kamshika mkono kama wanaotazama jeneza. Mwenyekiti akafungua mkoba, akatoa kurasa zilizochapwa, akasoma.

Alisoma vizuri, hilo tusimnyime. Na sentensi zilikuwa zilezile! Nahodha, sawa, na meli ina jina la kujigamba, lakini ule mlango unaolia kama mtu anayeguna, ile pumzi inayobaki hewani baada ya mlinzi kupita, vyote vilikuwa vya Mama Barafu, alivipata vidole vikimuuma kwa baridi. Watu walisikiliza kimya. Mama Barafu aliona fahari na hasira kwa pamoja, na hakujua machozi yanayomtoka ni ya ipi. Mwenyekiti akafika mwisho: nahodha anaamka mara ya mwisho, taa zote za kijani, vipimo vyote sawasawa. "Akatazama kikombe. Barafu ilikuwa ngumu, na sarafu ilikuwa chini. Nahodha akakaa."

Makofi. Mwenyekiti akaanza kukusanya karatasi zake.

"Maswali!" Fundi Saa alikuwa ameshasimama.

"Mzee wangu, tulishatangaza, muda..."

"Maswali! Maswali!" Ukumbi mzima ukapokea, wageni nao wakapiga meza.

Mwenyekiti akafuta jasho. "Haya, moja tu." Mama Barafu alinyoosha mkono. Mwenyekiti alimwona, akamruka haraka haraka. "Mzee, uliza wewe."

"Msumari wako nimeuona," Fundi Saa alisema. "Hiyo sarafu. Miaka yote iko juu ya barafu, mwisho iko chini, na nahodha anakaa kama aliyepigwa. Ya nini?"

"Aa, sarafu." Mwenyekiti akatabasamu kwa wageni. "Sarafu ni mali. Inaonyesha kwamba mali ya dunia, mwisho wake, inazama."

"Inazamaje kwenye barafu ngumu?"

"Ni... ni fumbo, mzee."

"Fumbo! Sisi hapa tunauliza kinafanyaje kazi, wewe unatuletea fumbo!" Minong'ono ikaanza, mmoja akaguna, wa pili akazomea.

Hapo Mama Barafu akasimama. Hakupaza sauti.

"Kipimajoto kinasema ya sasa tu," alisema. "Umeme ukikatika siku tatu ukarudi, utakuta kinasoma sawa, barafu imeganda tena, na huna habari. Ndiyo maana kazini kwangu kila friza ina kikombe cha barafu chenye sarafu juu. Ukiikuta juu, baridi haikukatika. Ukiikuta chini, ujue barafu iliyeyuka yote, sarafu ikazama, kisha maji yakaganda upya. Hapo dawa zote unatupa, hata kipimo kiseme nini."

Fundi Saa alikuwa anahesabu kichwani, midomo inacheza.

"Wale watu mia nne," akasema pole pole.

"Waliyeyuka wakagandishwa tena. Wamekufa siku nyingi, na taa zao ni za kijani. Mlinzi amelinda maiti, naye amelijua hilo kwa sarafu." Akamgeukia Mwenyekiti. Sasa sauti ilipanda, na ilipanda kwa miaka kumi na mmoja yote. "Umesoma vifo vya watu mia nne mbele ya wageni, na hukujua kwamba wamekufa! Nipe daftari langu!"

Na mnajua lilikuwa wapi? Ndani ya mkoba uleule, muda wote. Alilitoa bila kuinua macho, wifi akalipokea kwa kulinyakua.

Karatasi ya mwezi uliofuata ilichapwa na mtu yuleyule. Tumempata mwenyekiti wa muda, Fundi Saa. Upande wa madirishani bado panavuja. Kitabu cha mwaka kimepokea kutoka kwetu hadithi moja, Kasha la Baridi. Wageni walimwuliza mwandishi jina la kuweka juu yake, akawaandikia mwenyewe, na kwenye Karatasi lilitokea vilevile, kwa herufi nene ndani ya kisanduku: IMEANDIKWA NA MTUNZA FRIJI.